Friday the 13th ya 1980 imechuja, lakini yule mama bado ana makali

Wateja wengi wanaoniomba Friday the 13th, ile filamu ya kutisha, hawajui wanachoomba. Mtu anaingia dukani, anachomoa flashi mfukoni, anasema, "Bosi, nitilie ile ya Jason." Namuuliza ipi: ya kwanza, ya mwaka 1980, au zile za jamaa mwenye barakoa ya mpira wa magongo? Kwake zote ni moja. Nikimwambia kwamba katika ya kwanza hakuna barakoa, na kwamba Jason mwenyewe hamuui mtu hata mmoja, ananikazia macho kana kwamba mimi ni muuza dawa ninayembadilishia vidonge. Barakoa ilikuja katika ya tatu, mwaka 1982. Katika ya pili, ya 1981, Jason alijifunika gunia kichwani. Wakishasikia hayo wengi wanahamia ya tatu.

Nina laiburari ya filamu hapa Busia, upande wa Uganda. Filamu moja shilingi 500, iliyotafsiriwa 1,000, na kama flashi yako ina virusi nakusafishia bure. Zamani, nikiwa mtoto, nilikuwa nakusanya pesa mlangoni kwenye kibanda cha video, na malipo yangu yalikuwa kutazama bure. Ndiko nilikoiona filamu hii, kwenye kaseti ya VHS iliyochoka na televisheni ndogo, watu wamebanana kwenye mabenchi hadi mlangoni. Majuzi nimepata nakala safi, picha zimeng'arishwa, nikaitazama tena dukani baada ya kufunga. Nilikuwa na mpwa wangu, anayesoma chuo Kampala na sasa yuko likizo, na shangazi yangu, muuza mukene, yaani dagaa wa ziwani, ambaye alikuja kuchaji simu akajikuta amevuta kiti.

Nitasema muuaji ni nani. Filamu ina zaidi ya miaka arobaini, na siri yake imeshazagaa hata kwa wasioiona, lakini asiyetaka kujua aishie hapa.

Hadithi yenyewe ni fupi. Kuna kambi ya watoto kando ya ziwa huko Marekani, Camp Crystal Lake. Mtoto alizama hapo mwaka 1957, mwaka uliofuata vijana wawili wasimamizi wakauawa, kambi ikafungwa. Miaka mingi baadaye mwenye eneo, Steve Christy, anataka kuifungua tena. Anaajiri vijana wa kusimamia watoto, wanafika mapema kupaka rangi na kusafisha, na usiku wa mvua wanamalizwa mmoja baada ya mwingine. Waliopita skauti hapa kwetu watakumbuka Kaazi, ile kambi ya ukingoni mwa Ziwa Victoria nje ya Kampala, na hawatahitaji maelezo zaidi: miti, maji, vijana mbali na wazazi. Hata pale walipopiga picha ni kambi ya skauti kweli, Camp No-Be-Bo-Sco, katika jimbo la New Jersey.

Filamu hii ilianza kuuzwa kabla haijakuwepo. Mwaka 1979 mwongozaji Sean S. Cunningham alilipia tangazo kwenye gazeti la Variety, jina la filamu likiwa kwenye maandishi makubwa yanayovunja kioo, wakati hana hata hadithi kamili mkononi. Alikuwa ameona Halloween ya John Carpenter, ya 1978, ilivyovuna pesa, naye akataka shamba la jirani. Mwandishi wake, Victor Miller, hajawahi kulificha hilo. Bajeti ilikuwa kama dola 550,000, na kuanzia Mei 1980 filamu ikaingiza karibu dola milioni 40 Marekani peke yake. Ndiyo maana zikafuata nyingine na nyingine, hadi ile ya 2009. Wanaoniuliza mbona mpya haiji: Miller na watayarishaji walivutana mahakamani kuhusu nani ana haki ya hadithi, na mwaka 2021 mahakama ya rufaa ikampa Miller ushindi. Mimi mwenye laiburari nisiseme mengi kuhusu haki za kunakili.

Sasa, kipi kimebaki? Kazi ya Tom Savini imebaki. Huyu ndiye aliyetengeneza majeraha na damu. Alikuwa mpiga picha wa jeshi huko Vietnam, na amesema mwenyewe kwamba aliyoyaona kule ndiyo yaliyomfundisha mwili ulioumia unafananaje. Ile ya mshale ndiyo kila mtu anaikumbuka. Kevin Bacon, wakati huo kijana ambaye dunia haijamjua, amelala kitandani anavuta bangi baada ya mambo yake na mpenzi wake. Mkono unatoka chini ya kitanda, unamkaba paji la uso, kisha ncha ya mshale inachomoza polepole kooni. Siri ni kwamba Bacon hakuwa amelala. Alikuwa amejikunja chini, kichwa peke yake kimepenyezwa kwenye tundu la kitanda, na shingo na kifua tunavyoviona ni vya bandia. Mrija wa damu ulichomoka wakati kamera inazunguka, na msaidizi wa Savini, Taso Stavrakis, akaudaka akaupuliza kwa mdomo. Ndiyo sababu damu inatoka na mapovu. Kwenye nakala safi unaona wazi kwamba rangi ya shingo si ya kichwa kilichopo juu yake. Mpwa wangu alicheka, kisha akasema, "Mjomba, rudisha nyuma kidogo." Tuliitazama tena, na mara ya pili hakucheka.

Na kifo cha kwanza cha siku hizo za sasa bado kinafanya kazi, kwa sababu ya ujanja na si damu. Tunaletewa Annie, msichana mchangamfu anayekuja kuwa mpishi, anaomba lifti barabarani, anaongea na kila mtu. Unajua tu kwamba huyu ndiye shujaa wetu. Anakatwa koo msituni kabla hajafika kambini. Shangazi aligeuka kuniuliza, "Sasa tunabaki na nani?" Ndilo swali ambalo filamu ilitaka uulize.

Baada ya hapo inalala.

Sisemi inakwenda taratibu, taratibu ningeivumilia. Inalala. Mtu anachukua tochi, anatoka kwenye mvua, anaita jina, harudi. Mwingine anachukua tochi, anatoka, anaita jina la yule wa kwanza. Alice, ambaye ndiye atakayebaki hai, anatengenezewa muda wa kutosha wa kuchemsha kahawa, na sisi tunamsubiri maji yachemke. Kuna polisi wa pikipiki anayekuja kuwahubiria vijana kuhusu bangi, anaondoka, hana faida yoyote kwa hadithi. Kuna mchezo wa Monopoly ambao anayeshindwa anavua nguo, wenye msisimko wa kikao cha bajeti. Giza lenyewe ni giza la kweli, si giza la kupangwa. Nakala mpya imeng'arishwa na bado kuna mahali sikuona kitu zaidi ya kioo cha skrini kunionyesha sura yangu. Hapo ndipo mpwa wangu alipochukua simu yake, na sikumlaumu.

Kuna mambo mengine yamechacha kabisa. Ned, kijana wa vichekesho, anajivika taji la manyoya na kurukaruka akiwaigiza wenyeji wa asili wa Marekani, na filamu inatarajia tucheke. Halafu kuna nyoka. Anaingia ndani ya kibanda, vijana wanapiga kelele, anakatwa kwa panga, na yule nyoka ni wa kweli, aliuawa kweli mbele ya kamera. Mpwa wangu alichukia jambo hilo kuliko watu wote waliochinjwa. Shangazi hakuona tatizo. Kwake nyoka ndani ya nyumba hana kesi ya kusikilizwa. Mimi naungana na mpwa. Filamu iliyomtafuta Savini atengeneze shingo ya bandia kwa binadamu ingeweza kumtengenezea nyoka pia.

Lakini tatizo kubwa la filamu hii ni udanganyifu wake, na kwa hili sina huruma. Inajifanya hadithi ya kutafuta muuaji. Kamera inatembea kwa macho ya muuaji, tunaona mikono yake na viatu vyake, na wanaouawa wanaonekana kumtambua. Steve Christy anamulikwa tochi usoni, anatabasamu, anamsalimia kama mtu anayemfahamu. Basi nawe mtazamaji unaanza kuhesabu: ni yule mzee mlevi anayetangaza laana kijijini? Ni Steve? Ni mmoja wa vijana? Unapiga hesabu zaidi ya saa nzima. Kisha, zikiwa zimebaki kama dakika ishirini na tano, inaingia jipu, lile gari la Jeep, anashuka mama wa makamo aliyevaa sweta, na ndiye. Bi Voorhees, mama wa Jason, yule mtoto aliyezama. Hatujawahi kumwona. Hatujawahi kusikia jina lake. Hakuna ambaye angeweza kumtaja. Ni mtihani ambao jibu lake halikuwemo kwenye silabasi.

Na sasa swali lililonifanya niandike: mbona kwenye kibanda hatukuyaona haya? Tulikuwa watoto, sawa, lakini kulikuwa na watu wazima mle ndani, madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao mpakani, wabeba mizigo, wachuuzi, na hakuna aliyelalamika. Wala hakuna aliyesinzia kwenye yale maji ya kahawa.

Jibu ni VJ wetu. Kwa wasiojua, VJ ni yule jamaa anayekaa pembeni ya televisheni na maikrofoni, anapunguza sauti ya filamu na kuieleza kwa lugha ya watu. Kampala wanafanya kwa Luganda. Wa kwetu alikuwa anachanganya, Kiswahili kikiwa ndicho mzigo mkubwa, kwa sababu benchi moja lilikuwa na Msamia, Mteso, Muganda na dereva wa kutoka Mombasa. Kiingereza cha filamu alikisikia nusu, nusu nyingine aliitunga. Na hii aliitunga vizuri kuliko Miller. Tangu dakika za mwanzo alitutangazia kwamba kuna mayembe ziwani, pepo waliokasirika kwa sababu ya mtoto aliyezama, na kwamba yale macho ya kamera ni macho ya mayembe. Kila kijana alipotoka na tochi, VJ alikuwa anazungumza naye: rudi ndani, mjukuu wangu, mama yako alikutuma huku kuja kuvaa chupi kwenye mvua? Kahawa ya Alice ilipata maelezo marefu kuhusu bei ya sukari. Yule polisi wa pikipiki aligeuzwa kuwa askari wa barabarani anayetafuta chai, ukumbi ukashangilia. Na jipu ilipoingia, mama alipoanza kuongea, VJ hakutetereka hata kidogo. "Mnaona? Yamempanda!" Mayembe yamempanda mama wa mtoto. Tundu la hadithi likazibwa pale pale, na nani angelalamika? Alikuwa ametuandaa tangu mwanzo.

Kwa hiyo filamu ninayoikumbuka na filamu niliyoitazama majuzi ni kazi mbili tofauti. Ile ya kwanza ilikuwa ya Cunningham na VJ wetu kwa ubia, na sehemu kubwa ya hisa ilikuwa ya VJ.

Isaac Nabwana, mtengenezaji filamu wa Wakaliga, mtaa wa Kampala, aliligundua hili mapema. Who Killed Captain Alex?, ya 2010, inatajwa kutengenezwa kwa chini ya dola 200, damu yake ni rangi iliyojazwa kwenye kondomu, na VJ Emmie anapiga domo ndani yake tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna nafasi ya kulala, kwa sababu palipopwaya anasimama mtu anakuchekesha. Basi mtu asiniletee hoja ya bajeti ndogo kuitetea Friday the 13th. Dola 550,000 zingetengeneza filamu ngapi Wakaliga? Pesa kidogo ndiyo iliyomfanya Savini afikirie tundu la kitanda. Usingizi haukuletwa na pesa kidogo. Uliletwa na watu waliokuwa na jina na tangazo kabla ya kuwa na hadithi.

Nirudi kwa mama, kwa sababu yeye ndiye ameshinda muda. Anaigizwa na Betsy Palmer, ambaye Wamarekani walimfahamu kama sura ya heshima ya televisheni. Alikubali kazi hii kwa sababu gari lake lilikuwa limekufa na alihitaji pesa ya kununua jingine, na baadaye hakuficha kwamba aliiona hadithi kuwa takataka. Ukimtazama huwezi kudhani. Anaingia na tabasamu la mama wa kanisani, anamkumbatia Alice, anaomba kuona kilichotokea. Kisha anaanza kusimulia jinsi alivyokuwa mpishi wa kambi siku ile, na jinsi wasimamizi walivyokuwa wanafanya mapenzi wakati mtoto wake anazama. Sauti yake haipandi. Macho tu ndiyo yanayohama. Halafu anaanza kujijibu kwa sauti ya mtoto: muue, mama, muue. Hapo ndipo Harry Manfredini, mtunzi wa muziki, alipochota ile sauti maarufu, ki ki ki, ma ma ma, aliyoitoa kwa mdomo wake mwenyewe kwenye maikrofoni yenye mwangwi. Na alikuwa na nidhamu: muziki unalia muuaji akiwa karibu, lakini kijana akimtishia mwenzake kwa mzaha, kimya. Masikio yako yanajua kabla ya macho. Huyo naye hajachuja.

Shangazi alikuwa ametulia muda wote huo. Mukene wake anaununua Majanji, kando ya ziwa, ambako kuzama si hadithi ya filamu. Mama aliposema wasimamizi walikuwa wapi, Shangazi alisogeza kiti. "Na walikuwa wapi kweli?" akauliza. Nikamwambia, ndiyo hivyo anavyosema. "Basi ana neno lake huyu." Kuanzia pale alikuwa upande wa muuaji, na nilipojaribu kumkumbusha kwamba vijana waliouawa si wale waliokuwepo siku ile, alinijibu kwamba hawa nao amewaona, mmoja si alijifanya anazama?

Na kweli. Mwanzoni Ned anajitupa ziwani, anajifanya anazama, wanamvuta nje, na wakati Brenda anampulizia pumzi anaugeuza kuwa busu. Nilikuwa nimelipita tukio hilo kama upuuzi mwingine wa Ned. Shangazi ndiye aliyeliunganisha: mzaha wa kuzama, mahali mtoto alipozama. Ni mahali pekee ambapo hadithi ya Miller inaonyesha inafikiri, na haikulifanyia kitu. Laiti mama angekuwa pale ufukweni anatazama, hata mgongo tu, tungekuwa na filamu nyingine.

Mapambano ya mwisho yanakera kila mtu kwa usawa. Alice anampiga mama, mama anaanguka, Alice anatupa silaha na kukimbia. Anapigwa tena, kwa kikaango safari hii, na tena anaachwa amelala na silaha iko pale. Mpwa wangu alikuwa amesimama. Shangazi alisema msichana huyu hakulelewa na mtu anayechinja kuku. Hatimaye linatembea panga, kichwa kinaondoka, mikono inainuka ikipapasa hewa, na kwenye nakala safi unaona mikono ya mama huyu wa makamo ina manyoya, maana ni ya Stavrakis. Kaseti yetu ilituficha hilo kwa ukungu wake.

Baada ya hapo Alice analala kwenye mtumbwi katikati ya ziwa, kunapambazuka, muziki unakuwa wa kubembeleza, polisi wanafika ufukweni. Mwenye kibanda chetu alikuwa akisikia muziki huo anadhani imekwisha, anatoa kaseti, anaweka mpira au ya Kichina. Kwa hiyo kuna watu wazima hapa Busia, wengine wana wajukuu, ambao wameiona Friday the 13th mara nyingi na hawajawahi kumwona yule mtoto akiruka kutoka majini na kumvuta Alice. Mpwa wangu alikuwa mmoja wa waliokuwa wanakusanya chaja zao aliporuka. Simu ilianguka.

Nimeikata sehemu hiyo, kuanzia jipu ya mama inapoingia kambini hadi mwisho kabisa, nikaiweka faili lake peke yake. Bei ni ileile, shilingi 500. Anayetaka nzima ninayo pia, ila aje na watu wa kuongea nao.